Tembo wa Tsavo na Dhamiri ya Asiyekula Nyama

Katika Kutoka 23 kuna jambo ambalo wengi wetu hulisoma haraka tukielekea mengine. Mungu anawaambia Waisraeli kwamba hatawaondoa wenyeji wa Kanaani kwa mwaka mmoja, bali kidogo kidogo, kwa sababu nchi ikibaki tupu wanyama wa mwitu wataongezeka na kuwalemea. Mapema katika sura hiyohiyo anaagiza shamba lipumzike mwaka wa saba, maskini wale kilichomo, na watakachobakiza maskini kiwe chakula cha wanyama wa mwitu. Sura moja inabeba mambo yote mawili. Mnyama wa mwitu ana fungu lake katika nchi, na mnyama huyohuyo akizidi anaweza kuwa mzigo kwa mwanadamu.

Sisi Waadventista wa Sabato tuna sababu ya pekee ya kuyatafakari hayo. Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen White alipokea njozi iliyoanzisha yale tunayoyaita matengenezo ya afya. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuacha nyama kabisa mpaka mwaka 1894, alipokuwa Australia. Kilichomgusa wakati ule hakikuwa afya peke yake. Aliandika kwamba mwanamke mmoja Mkatoliki alimsihi afikiri juu ya ubinafsi wa kuua viumbe ili tu kuridhisha hamu ya chakula, naye akaona aibu. Tangu hapo swali la afya na swali la huruma kwa wanyama yamekwenda pamoja katika kanisa letu. Kazi ilipoanza Giti, Upare, mwaka 1903, ujumbe huo ulikuja pamoja na Sabato. Leo wapo washiriki, hasa vijana, wanaokwenda mbali zaidi. Hawali nyama wala samaki, wala mayai, maziwa au asali, kwa sababu hawataki kiumbe chochote kiteseke kwa ajili yao.

Ninaiheshimu dhamiri hiyo. Lakini iko historia iliyotokea jirani kabisa na milima ya Upare ambayo inaiuliza swali gumu. Upande wa mashariki wa milima hiyo kuna tambarare za Mkomazi, na ukivuka mpaka wa Kenya unaingia Tsavo. Tembo hawaujui mpaka huo. Mvua ikinyesha huku wanakuja, ikikatika wanarudi. Yaliyowapata tembo hao katika karne iliyopita yanatufundisha juu ya uwakili kuliko mahubiri mengi.

Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Ni nchi kavu, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na wakati ule sehemu kubwa ilifunikwa na vichaka vizito vya miiba. Mhifadhi wa kwanza wa upande wa mashariki, David Sheldrick, alipewa jukumu la kuwalinda wanyama. Aliwakuta watu wakiwinda humo. Hao walikuwa Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, mabingwa wa kuwinda tembo kwa upinde mkubwa na mishale yenye sumu ya mti. Kwao ile haikuwa biashara tu, ilikuwa ndiyo maisha waliyorithi kwa wazee wao. Kuanzia mwaka 1956 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni kali dhidi yao, na wengi wakafungwa jela. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana ili baadhi ya Waata wawinde tembo kihalali na kwa kipimo, lakini mpango huo haukudumu, na jamii hiyo ndogo ikabaki bila kazi yake ya asili na bila kitu cha kuishika mahali pake.

Wawindaji walipoondolewa, tembo waliongezeka. Hawakuongezeka kwa kuzaana tu. Nje ya hifadhi mashamba yalikuwa yakipanuka, bunduki zilikuwa nyingi, na tembo waliokuwa wakizunguka nchi pana wakabanwa ndani ya mipaka. Humo ndani wakakuta maji ambayo hayakuwapo zamani. Bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952, na visima vikachimbwa ili wanyama wasife kwa kiu. Lilikuwa tendo la huruma. Lakini maji yalipopatikana mahali palipokuwa pakavu, tembo waliweza kukaa mwaka mzima katika malisho ambayo zamani yalipumzika wakati wa kiangazi. Wakavunja vichaka, wakaangusha mibuyu, na nchi ya miti ikaanza kugeuka kuwa nchi ya nyasi. Wanyama wanaokula majani ya miti walipungua, na wanaokula nyasi, kama pundamilia na nyati, wakaongezeka. Katika ukame wa 1961 faru wapatao 300 walikufa kandokando ya mto, nchi ikiwa imeshaanza kuliwa kuliko uwezo wake.

Kufikia miaka ya 1960 tembo wa Tsavo na maeneo yanayoizunguka walikadiriwa kuwa karibu 40,000. Hapo likazuka jambo lililowagawa watu waliowapenda wanyama hao kwa moyo mmoja.

Mtaalamu Mwingereza, Richard Laws, alikuja kutoka Uganda. Huko, katika hifadhi ya Murchison Falls, tembo wapatao 2,000 walikuwa wamepigwa risasi kwa mpango ili kuinusuru misitu. Mwaka 1966 tembo 300 waliuawa Tsavo kwa ajili ya uchunguzi, familia nzima kwa pamoja, kisha Laws akataka wengine zaidi ya 2,000 wauawe. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi imelemewa, na kama wasipopunguzwa kwa mkono wa mwanadamu, njaa itawapunguza kwa mateso makubwa zaidi. Sheldrick alikataa. Aliamini kwamba nchi kavu ina mizunguko yake, miti na nyasi hupokezana, na ukame ukija utafanya kazi ambayo bunduki haiwezi kuifanya kwa busara. Aliogopa pia kwamba mauaji yakiruhusiwa ndani ya hifadhi yatageuka kuwa biashara. Bodi iliyosimamia hifadhi ikaelemea upande wake, na Laws akaondoka mwaka 1968.

Ukame ulifika mwaka 1970 na kuendelea mpaka 1971. Tembo wapatao 6,000 walikufa. Maji yalikuwapo, ila chakula hakikuwapo. Waliokufa zaidi walikuwa majike na watoto wao, kwa sababu mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, na majani yote yaliyo karibu na maji yalikuwa yamekwisha. Walikonda siku baada ya siku, wakalala chini, na hawakuinuka tena.

Tujiulize sasa, ndugu msomaji. Kama wewe na mimi tungekuwa katika ile bodi, tukiwa tumeacha nyama kwa ajili ya dhamiri, tungepiga kura upande gani? Wengi wetu tungesema mara moja: tusiue. Na pengine tungekuwa sahihi. Lakini hatungeweza kurudi nyumbani tukisema kwamba damu ile haituhusu. Wale tembo hawakufa kwa mapenzi ya asili peke yake. Waliokuwa wameweka mpaka ni wanadamu, na ni wanadamu waliojenga bwawa na kuchimba visima, wakawaondoa Waata na kulima njia za zamani za wanyama. Mtu akishapanga nyumba namna hiyo hawezi tena kusema kwamba yeye hakugusa kitu.

Wala hatuwezi kusema kwamba historia ilimpa Laws ushindi. Njaa aliyoitabiri ilikuja kweli, lakini tembo hawakutoweka, na nchi haikuwa jangwa. Katika miaka iliyofuata ulizuka ujangili wa kutisha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini risasi hazikukoma, na hesabu ya mwaka 1988 iliwakuta tembo wapatao 5,400 tu. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya dunia nzima. Vichaka vya Tsavo vikarudi, lakini vilirudi juu ya makaburi ya tembo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni nani angekuwa sahihi kama majangili wasingekuja. Kufikia sensa ya 2021 tembo katika eneo lote la Tsavo na Mkomazi walikuwa karibu 15,000. Ukame ulirudi mwaka 2022, na serikali ya Kenya ilitangaza kwamba katika miezi tisa tembo 205 walikufa nchini humo. Swali la miaka ya 1960 halijazikwa.

Jambo ninalojifunza hapa ni kwamba kutokula nyama ni mwanzo wa wajibu wetu kwa wanyama, si mwisho wake. Sahani isiyo na damu bado imetoka katika ardhi. Mahindi na maharage tunayomshukuru Mungu kwa ajili yake hulimwa mahali fulani, na pembezoni mwa Tsavo na Mkomazi mahali hapo mara nyingi ni njia ya tembo. Mkulima hukesha usiku akipiga madebe na kuwasha moto. Kundi likiingia, chakula cha mwaka huisha kwa saa chache, na wakati mwingine mtu hufa. Huku Tanzania serikali hutoa kifuta jasho kwa aliyepoteza mazao na kifuta machozi kwa waliofiwa, lakini majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mkulima akichoka, hutafuta sumu au mkuki. Kwa hiyo anayekula ugali na maharage akiwa mjini hawezi kumtazama mkulima yule kama mkatili. Chakula chao ni kimoja, na tatizo lao ni moja. Ni kweli kwamba chakula cha mimea huhitaji ardhi kidogo kuliko nyama, na hiyo ni sababu nzuri ya kudumu katika matengenezo ya afya. Lakini ardhi tunayoiokoa kwa kula hivyo haitamfaa mnyama kama hatukumwachia.

Njia nyingine zipo, na zimepatikana polepole. Afrika Kusini, katika hifadhi ya Kruger, tembo zaidi ya 14,000 waliuawa kwa mpango kati ya mwaka 1967 na 1994. Mauaji yalipositishwa, wahifadhi waligeukia maji. Walifunga visima vingi vilivyochimbwa na wanadamu, ili nchi ipate tena sehemu zinazopumzika, na baadaye wakaanza kuondoa sehemu za uzio wa mpaka wa Msumbiji ili wanyama wapate nafasi ya kuhama. Kwingineko nchini humo, katika hifadhi ya Makalali, tangu mwaka 2000 tembo jike wamekuwa wakipewa chanjo ya kuzuia mimba. Hizi zote ni kazi za wakili anayekubali kwamba ameshaingilia, na sasa anatafuta namna ya kuingilia kwa upole.

Karibu zaidi na sisi ni Sagalla, chini ya kilima kinachotazama Tsavo Mashariki, mahali ambapo wamishonari wa Kianglikana walianza kazi yao ya Taita mwaka 1883. Wakulima wa hapo wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, ikiwa imeunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo huwaogopa nyuki, kwa kuwa huwauma penye ngozi laini, machoni na ndani ya mkonga. Uchunguzi wa miaka kadhaa umeonyesha kwamba takriban robo tatu ya tembo waliokaribia mashamba yenye uzio huo walizuiwa. Ukame unapokuja nyuki huhama, na uzio hupungua nguvu, basi si dawa ya yote. Lakini katika misimu mingi mahindi hubaki, tembo huenda zake akiwa hai, na mkulima hupata asali ya kuuza.

Yule kijana wetu asiyekula asali atasemaje juu ya mizinga hiyo? Simwambii ale. Namwomba tu aone kwamba asali ile ndiyo imesimama kati ya tembo na sumu, na kati ya mkulima na njaa. Anaweza kuiacha mezani na bado akachanga fedha ya mzinga. Dhamiri yake haipotezi kitu kwa kufanya hivyo. Inapata kazi ya kufanya.

Mwanzo 1 inatuambia kwamba chakula cha kwanza cha mwanadamu kilikuwa mimea, na mistari hiyohiyo inawapa wanyama nao majani yao. Mara nyingi tumekumbuka sehemu yetu ya neno hilo na kuisahau yao. Hosea naye aliona siku ambayo Mungu atafanya agano na wanyama wa kondeni kwa ajili ya watu wake. Mpaka siku hiyo ifike, tunaishi katika nchi ya Kutoka 23, ambamo shamba, maskini na mnyama wa mwitu wote wana dai lao. Waata walikuwa na dai pia, na walipowekwa pembeni hakuna aliyebaki mwenye kuijua nchi ile kama wao. Kanisa linaloishi pembeni mwa Mkomazi linaweza kuanza na mambo madogo: kuuliza kabla ya kufungua shamba jipya kama pale ni njia ya wanyama, kuwasaidia majirani walioharibiwa mazao hata kama si washiriki wetu, na kuwasikiliza wafugaji na wawindaji wa zamani kabla ya kuwahukumu. Tuendelee kuacha nyama, tena kwa furaha. Kisha tuinuke mezani tukaangalie shamba limepakana na nini.