Lubumbashi na Kinshasa: Umbali wa Kilomita na Umbali wa Saa

Kwa mstari ulionyooka, Lubumbashi na Kinshasa zimeachana kwa kilomita 1,560 hivi. Idadi hiyo haijabadilika tangu miji hiyo ianzishwe. Kilichobadilika ni muda wa safari, nao haukubadilika kwa watu wote kwa kiasi kimoja. Makala haya yanadai kwamba historia ya umbali huo ni historia ya vyombo vya usafiri na ya nauli.

Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Hivyo mji wa shaba ulifungamana na Rhodesia na bandari za kusini kabla ya kufungamana na Léopoldville. Ni mwaka 1928 tu ndipo reli ya kutoka Katanga ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo. Hapo abiria walihamia kwenye meli, wakateremka mto Kasai hadi mto Kongo.

Wakati huo ndege ilikwisha kuonekana. Mwaka 1925 Edmond Thieffry na wenzake wawili waliruka kutoka Brussels tarehe 12 Februari, wakatua Léopoldville tarehe 3 Aprili. Safari ilichukua siku 51, lakini saa walizokuwa angani hazikuzidi sana 75. Siku nyingine zote zilipotea katika matengenezo na kungojea. Funzo lake ni kwamba umbali wa hewani hupimwa pia kwa yale yanayotendeka chini: kiwanja, mafuta na fundi. Katika miaka hiyo hiyo Sabena ilifungua njia ya ndani ya koloni, kutoka Boma na Léopoldville kupitia Luebo hadi Elisabethville.

Ndege za jeti zilipunguza safari hiyo hadi saa mbili hivi. Hata hivyo, saa ya ukutani husema vingine, kwani Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Anayeondoka uwanja wa Luano saa nne asubuhi hufika Kinshasa saa tano. Anayeondoka Kinshasa saa nne hufika Luano saa saba mchana.

Wepesi huo ulitegemea mashirika yasiyodumu. Air Congo, iliyoanzishwa mwaka 1961 na kuitwa Air Zaïre kuanzia 1971, ilifilisika mwaka 1995. Hewa Bora, shirika lenye jina linalofanana na la mtaa wa Lubumbashi, lilisimamishwa mwaka 2011 baada ya ajali ya Kisangani ya tarehe 8 Julai. Inafaa kutambua kwamba shirika hilo, lililokuwa na makao yake Kinshasa, mji wa Kilingala, lilijiita kwa Kiswahili. Jina lake lilivuka mpaka wa lugha ambao reli na mto havijaufuta.

Asiye na nauli ya ndege hubaki na reli, barabara ya udongo na mto, na safari yake huweza kumla majuma. Kwake yeye, mpaka wa Kasumbalesa, ulio kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, u karibu zaidi kuliko mji mkuu wa nchi yake. Basi, taifa ambalo raia wake mmoja hulivuka kwa saa mbili na mwingine kwa majuma lina ramani mbili, ijapokuwa shuleni hufundishwa moja.