Jicho la Mtepe na Ngalawa za Karara
Gando, iliyoko kaskazini magharibi mwa Pemba katika Wilaya ya Wete, ina bahari inayotulizwa na mikoko na visiwa vya jirani, kikiwemo Fundo, hivyo hata chombo cha urefu wa dhiraa moja kilichoundwa na mtoto huweza kutwekwa tanga kikaenda bila ya kupinduka papo hapo. Vyombo vya aina hiyo huhesabiwa kuwa vya mchezo, na waandishi wa historia ya bahari wamevipita. Hata hivyo kuna chombo kikubwa cha pwani hii ambacho leo hujulikana zaidi kwa mifano yake kuliko kwa kumbukumbu ya waliokipanda.

Chombo hicho ni mtepe. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wengine hukifananisha na Pemba na wengine na Unguja, na kueleza kwamba wenyeji wake walivua samaki na kasa kwa mitumbwi ya gogo moja na kwa vyombo vya kushonwa. Mtepe ulikuwa wa mwisho katika ukoo huo wa vyombo vya kushonwa: mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo msumari, tanga lake la pembe nne lilikuwa mkeka wa miyaa, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia na kuchorwa macho. Mtafiti James Hornell alipochapisha uchunguzi wake kuhusu chombo hicho mwaka 1941, mitepe, ambayo katika miaka yake ya mwisho ilibeba zaidi boriti za mikoko, ilikuwa imekwisha kutoweka baharini.

Kilichobaki ni mifano ya makumbusho, kama ile ya Lamu, pamoja na mtepe wa ukubwa kamili uliojengwa upya na kuwekwa katika Beit al-Ajaib mjini Unguja, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Anayetaka kuutathmini mfano wa mtepe hana budi kuanzia kwenye kamba, kwa sababu mbao hupunguzika kwa kipimo lakini uzi haupunguziki vivyo hivyo: ukiwa mnene, ubavu mzima huonekana kama kapu. Baada ya kamba hufuata rangi. Katika chombo halisi rangi ilikuwa na kazi, kwani chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia wadudu watoboao mbao, na juu yake sifa, mafuta ya samaki yanayozuia ubao kupasuka kwa jua. Mfano usioingia majini hauhitaji kimojawapo, na bado fundi anayejiheshimu huuweka mpaka huo, maana bila ya mpaka mtazamaji hajui chombo kilizama kiasi gani. Jicho nalo ni mtihani, kwani likikosewa kidogo tu chombo hukodoa.

Mifano midogo ina matumizi mengine pia, nayo ni mchezo wa vita: mwaka 1913 H. G. Wells, mtunzi wa riwaya za kubuni za kisayansi, alitoa Uingereza kitabu cha kanuni za kuchezea vita kwa askari wadogo wa madini. Mchezo wa aina hiyo ulikua hadi, mwaka 1990, ukatoka Marekani mchezo uitwao Silent Death, wenye vyombo vidogo vya kubuni vya vita vya anga za juu, vya kupakwa rangi. Mpaka rangi wa mchezo huo ana uhuru ambao fundi wa mtepe hana, kwani hakuna nahodha wa kumsahihisha.

Ngalawa ya mtoto husahihishwa na maji yenyewe. Hutengenezwa kwa mti laini au kwa karara, ala ngumu ya ua la mnazi ambayo kwa umbile lake tayari ni mtumbwi, kisha hufungwa mirengu miwili, yaani vitegemeo vya ubavuni, ambavyo mbao zake za nchani hulazwa mshazari ili chombo kinapolaliwa na upepo maji yaunyanyue ubao wa upande ule. Ubao ukilazwa kinyume, maji huukandamiza badala ya kuunyanyua, na ngalawa hupiga mbizi hatua chache tu kutoka ufukweni.