Taa za LED dukani: lini zinarudisha hela, lini hazirudishi

Ikifika saa moja jioni, Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, biashara ndiyo kwanza inachangamka. Watu wanateremka kwenye daladala wakitoka mjini, na kabla ya kufika nyumbani wananunua unga, vocha, sabuni na mkate. Duka lenye giza wanalipita wakidhani limefungwa. Kwa hiyo mwenye duka anayetaka kubana matumizi ya LUKU hawezi kuanza kwa kuzima taa. Anachoweza ni kubadilisha aina ya taa, na hapo ndipo linapokuja swali la LED: je, kweli zinarudisha hela yake?

Inategemea unaondoa nini. Globu ya zamani hung'aa kwa kuchoma waya mwembamba, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto. LED haichomi kitu. Umeme unapita kwenye kipande kidogo cha nusukipitishi, nacho hutoa mwanga moja kwa moja. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960. Iliyokosekana ni ya buluu, ambayo ikipakwa unga maalumu wa manjano hutoa mwanga mweupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuipata. Leo LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa globu ya wati 60.

Tuchukue duka lenye tyubu nne za futi nne, za wati 36. Ukijumlisha na choki yake, kila moja hula kama wati 45. Zikiwaka saa 12 kwa siku, kwa mwezi zinamaliza karibu uniti 65. Tyubu za LED za wati 18 zinamaliza uniti 26. Tumetumia shilingi 356 kwa uniti, yaani shilingi 292 za kundi la T1 pamoja na VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Akiba ni kama shilingi 13,800 kwa mwezi, au 3,450 kwa kila tyubu. Gawanya bei utakayotajiwa Kariakoo kwa 3,450, utapata miezi ya kurudisha hela yako.

Aliye na balbu za enaji seva asikimbilie. Kutoka wati 20 hadi 12 tofauti ni ndogo; asubiri ziungue, kisha aweke LED moja moja. Na mwenye jokofu la soda la mlango wa kioo aangalie kwanza mpira wa mlango huo, maana jokofu la namna hiyo linaweza kumaliza uniti tatu au zaidi kwa siku, kuliko taa zote za duka.

Genge au kiduka kilichounganishwa na mita ya nyumba ya kundi la D1 kina hesabu nyingine. Huko uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, lakini ukivuka uniti 75 kwa mwezi, kila ya ziada inatozwa 350. Taa tatu nne za LED zinaweza kuwa ndizo zinazokubakiza chini ya mstari huo.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yetu, hakiko kwenye balbu. Kiko kwenye fremu. Fremu tatu au nne zinatumia LUKU moja, na kila mpangaji anachangia sawa: mwenye saluni ya madraya, mwenye duka la nguo, fundi simu. Mwenye nguo akiweka LED zake zote, akiba inagawanywa kwa wote, gharama inabaki kwake. Hapo tunashauri mkubaliane kabla ya kununua chochote. Fundi anaweza kufunga mita ndogo ya kupimia kwa kila fremu, ili mnunue umeme pamoja lakini kila mtu alipe alichotumia. Mwenye nyumba ashirikishwe, kwa sababu waya ni zake.

Kwenye kununua, usihesabu wati peke yake. Soma lumeni, ambazo ndizo kipimo cha mwanga: globu ya wati 60 ilitoa kama 800. Balbu iliyoandikwa wati nyingi huku ukiishika ni nyepesi kama ganda la yai, itilie shaka. Angalia alama ya TBS, dai risiti na muda wa kurudisha. Kinachokufa mara nyingi si LED yenyewe bali kifaa chake cha ndani cha kurekebisha umeme, nacho huuawa na joto na umeme unaopanda na kushuka. Usiifungie ndani ya kava lisilopitisha hewa.

Rangi ya mwanga nayo ni biashara. Mweupe wa 6500 K unafaa duka la vyakula au la simu. Kwenye vitenge chagua kama 4000 K, yenye alama ya Ra 80 au zaidi, la sivyo mteja atabeba kitambaa hadi barazani kutazama rangi yake halisi, na huenda asirudi nacho ndani.

Tyubu za LED si zote zinafungwa kwa njia moja. Nyingine zinakubali choki ibaki na stata ibadilishwe kwa ile iliyokuja nazo, nyingine zinataka choki itolewe na waya zipangwe upya. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, azime swichi kuu, na aandike juu ya taa kwamba tyubu ya zamani isirudishwe humo.

Zile za zamani zina zebaki kidogo ndani. Ikipasuka, fungua milango, toeni watoto, okoteni vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji. Msifagie wala msichome. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba tyubu hizo zisitengenezwe wala kuingizwa tena baada ya 2027, kwa hiyo hata anayezipenda atapata shida kuzipata.