Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii humpa mgeni heshima, na papo hapo humtwika deni: kuja kwake lazima kuwe na nafuu kwa mwenye nyumba. Lakini kuna swali moja ambalo methali haikulijibu. Mwenyeji ni nani? Je, ni serikali iliyompa mgeni ruhusa ya kuingia, au ni watu ambao watoto wao anawafundisha? Mahali ambapo serikali na watu ni kitu kimoja, swali hilo halina uzito. Penye ubaguzi, mwalimu mgeni hana njia ya kulikwepa. Maana kila asubuhi aingiapo darasani amekwisha kulijibu kwa kazi yake.

Katika Tanganyika ya wakoloni swali hilo lilikuwa wazi kabisa. Mugumu, Musoma na Tarime zilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na kama ilivyokuwa katika majimbo mengine, elimu iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mtoto wa Mugumu hakukaa benchi moja na mtoto wa bwana shauri, hata kama wote wawili walijifunza hesabu ile ile. Katika nchi hiyo hiyo ya Mara, Julius Nyerere wa Butiama alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Akaenda Tabora, kisha Makerere na Edinburgh, akarudi kuwa mwalimu wa Pugu. Mwaka 1955 alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa. Aliacha ualimu mwezi wa Machi, akarudi kwao Mara. Yeye hakuwa mgeni. Hata hivyo alilazimika kuondoka darasani ili awatumikie wale wale aliokuwa akiwafundisha.

Mwaka huo huo, mbali upande wa kusini, mwalimu mwingine, ambaye yeye alikuwa mgeni, alikabiliwa na uchaguzi wa namna hiyo. Trevor Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Alikuwa padre wa shirika la watawa wa Kianglikana la Mirfield, na mwaka 1943 alipelekwa Sophiatown, mtaa wa Waafrika katika Johannesburg. Baadaye aliwekwa kuwa msimamizi wa shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, ambayo ilikuwa miongoni mwa shule chache zilizompa kijana wa Kiafrika elimu kamili ya sekondari. Oliver Tambo alisoma shuleni hapo, kisha akafundisha hapo hapo hesabu na sayansi.

Mwaka 1953 Serikali ya Afrika ya Kusini ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Shule za Waafrika, ambazo nyingi zilikuwa za misheni, zilitakiwa ziwe chini ya idara ya Hendrik Verwoerd, waziri wa mambo ya wenyeji. Naye hakuficha makusudi yake: Mwafrika afundishwe kwa kadiri ya kazi atakayoruhusiwa kufanya, wala asioneshwe malisho ambayo hatapewa ruhusa ya kuyala. Misheni ziliwekewa njia tatu. Ziikabidhi serikali shule zao, au ziziendeshe kwa fedha zao zenyewe, huku msaada wa serikali ukipungua mpaka ukome, au zizifunge.

Makanisa mengi yalikabidhi shule, yakisema kwamba elimu mbovu ni afadhali kuliko kukosa elimu. Wakatoliki walijaribu kuziendesha kwa sadaka zao. Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg, Mwingereza pia, alikataa kukabidhi shule za dayosisi yake. Huddleston na wenzake waliamua kwamba shule ya Mtakatifu Petro ifungwe kuliko itumike kufundisha utumwa, na mwaka 1956 ikafungwa.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi, na hapana budi kuupima pande zote mbili. Aliyefunga shule alikuwa mtu ambaye hakuwa na mtoto aliyeihitaji shule hiyo. Mzazi wa Sophiatown angeweza kusema kwa haki kwamba mgeni anapokataa dhambi, mtoto wa mwenyeji ndiye anayebaki barabarani. Hoja hiyo ni nzito. Lakini mgeni hakukataa peke yake. Mwezi wa Aprili 1955 wazazi wengi wenyewe, kwa mwito wa African National Congress, waliwazuia watoto wao wasiende shule za sheria mpya, ijapokuwa Verwoerd alitishia kwamba wasiorudi hawatapokewa tena. Palianzishwa vikundi ambamo watoto walifundishwa kwa nyimbo, hadithi na michezo, maana kuendesha shule bila ya kibali kulikuwa kosa. Mgomo haukudumu, na watoto wengi walirudi. Hata hivyo ulionesha mwenyeji alikuwa upande gani. Mwezi wa Juni mwaka huo, katika mkutano mkubwa wa Kliptown, watu hao walimpa Huddleston heshima ya Isitwalandwe, pamoja na Albert Luthuli na Yusuf Dadoo. Mwenyeji alikuwa amemtambua mgeni wake.

Muda mfupi baadaye wakuu wa shirika lake walimwita arudi Uingereza. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano wa London uliowaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika ya Kusini, Huddleston alisimama jukwaa moja na Nyerere. Hivyo walimu wawili ambao mwaka 1955 uliwatenga na madarasa walikutana mbele ya darasa kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata Huddleston alikuja Tanganyika kuwa Askofu wa Masasi. Aliikuta nchi ambayo wageni wengine walikuwa wamekwisha kuchagua mwenyeji wao. Ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma, huko Kashasha, Bukoba, Barbro Johansson, mwalimu wa Kiswidi, alikuwa amefundisha wasichana kwa miaka mingi. Na mwaka 1959, akiungwa mkono na TANU, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa wakati huo ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura akilazimika kuchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Naye alikitumia kiti kilichotengwa kwa rangi kuwasaidia wale waliotaka rangi isihesabiwe tena. Kuanzia Januari 1962 shule za Tanganyika ziliacha kugawanywa kwa rangi.

Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1969, Serikali ya Tanzania nayo ilizitwaa shule za misheni, za Mara pamoja na za Masasi. Jambo hili lafaa kupimwa vizuri. Kwa umbo, lilifanana na lile la Verwoerd. Kwa makusudi, lilikuwa kinyume chake, kwa kuwa hapa serikali ilitaka mtoto asibaguliwe kwa dini ya wazazi wake. Basi waliofunga shule Rosettenville hawakupigania mali ya kanisa. Walipigania mtoto. Huddleston mwenyewe aliondoka Masasi mwaka 1968, na kiti chake kikashikwa na Mwafrika, Hilary Chisonga. Kujua wakati wa kuondoka pia ni sehemu ya adabu ya mgeni.

Mwaka 1978 shule ya vijana wakimbizi wa Afrika ya Kusini ilianza Mazimbu, Morogoro, katika ardhi iliyotolewa na Tanzania; baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Walimu wake walitoka nchi nyingi, na mkuu wa chama kilichoianzisha alikuwa Oliver Tambo, yule mwanafunzi na mwalimu wa Rosettenville. Hapo tena mgeni na mwenyeji walibadilishana nafasi: Mtanzania akawa mwenyeji, na Mwafrika wa Kusini akawa mgeni mwenye kufundisha. Lililofungwa kusini kwa heshima lilifunguliwa tena Morogoro. Wala haikuwezekana lifunguliwe hapo, kama mwenyeji huyo naye asingalijua uchungu wa kuchagua.