Jina Ukingoni

Mtu akiniletea nishani, sianzi na uso wake. Naigeuza kiubavu, nabana lenzi jichoni, nasoma ukingo. Uso ni wa mfalme, na mfalme huyo huyo yuko kwenye nishani za mamilioni ya watu. Ukingo ndio wa mwenyewe: nambari, cheo, jina, kikosi, herufi ndogo ambazo bila lenzi utadhani ni mikwaruzo.

Mimi ni fundi wa saa. Kibanda changu kiko Burma, Nairobi, upande wa City Stadium. Saa za kutia ufunguo zilipoadimika, wateja walianza kunipa kazi nyingine za vidole: skrubu za miwani, mikufu iliyokatika, na vitu vya marehemu babu vilivyookotwa sandukuni baada ya matanga. Hivi vya mwisho ndivyo vilivyoniharibu. Sasa nina mkebe wa biskuti uliojaa vyuma vya vita, na mke wangu ameshaniuliza kama nafungua makumbusho.

Nilimwambia makumbusho yalifunguliwa kitambo, nasi tunalipa kodi ya nyumba humo ndani. Burma hii ni ya wanajeshi waliopigana Burma. Kariokor ilikuwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa vita vya Mjerumani, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Pumwani kuna Memorial Hall, iliyojengwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliofia vita hivyo. Ukifika Kaloleni, wazee watakuonyesha nyumba za mawe za miaka ya 1940 na kukuambia zilijengwa na mateka wa Kiitaliano. Yote haya unaweza kuyazunguka kwa miguu asubuhi moja, na bado upate nyama Kariokor mchana.

Lakini kusanya sasa vitu vyenyewe, uone ugumu wake. Tuanze na wapagazi. Waliandikishwa kwa hiari kidogo na kwa nguvu sana, hasa mwaka 1917, ofisa wa kikoloni John Ainsworth alipopewa kazi ya kuwakamata kwa wingi kutoka kila wilaya. Walibeba risasi na unga kumfuata kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, mpaka Msumbiji. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria na kichomi, na kwa unga mbaya uliopikwa nusu. Hesabu ya serikali ilisema waliokufa walizidi 40,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanaona idadi inakaribia laki moja. Mpagazi alivaa shingoni kibati chenye nambari. Wengi walipokufa, mishahara yao haikuwafikia jamaa. Oscar Watkins, Mwingereza aliyewaongoza, aliidai miaka mingi, na serikali yake ikamchosha.

Kibati cha mpagazi sijawahi kukishika. Nishani ya fedha ya vita hivyo nimeishika, ya askari wa Keya, yaani King's African Rifles: upande mmoja Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu uchi juu ya farasi, anakanyaga ngao yenye tai na fuvu la kichwa. Uchi wake huwachekesha wateja kuliko chochote. Jina la askari lilikuwa ukingoni, limelika nusu kwa kusuguliwa na majivu. (Tafadhali, msisugue nishani kwa majivu. Wala kwa Brasso. Futeni kwa kitambaa kikavu, mziache na weusi wake.) Nishani hizo zilikuwa fedha tupu, ndiyo sababu nyingi hazikufika kwa wajukuu. Mtu akikwama, sonara huiangalia kama pete ambayo haijafuliwa bado.

Kitu kinachopatikana kwa urahisi zaidi si nishani, ni kijaluba cha kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kufanya kazi vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, imekunjwa ndani ya kijaluba cha chuma kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hicho ninacho, na ni kazi nzuri ya chuma, lazima nikiri: kifuniko bado kinakaza, na kishikizo cha kamba kimelainika kwa miaka ya kusuguana na kifua cha mtu. Mwanamume aliyetoka vitani salama, serikali ile ile iliyompeleka ilimvisha hiki. Wazungu waliopigana vita hivyo hivyo walipewa mashamba mwaka 1919.

Kisha vikaja vita vya Hitla. Karibu wanaume laki moja wa Kenya waliingia jeshini. Wa kwanza walipigana na Waitaliano Somalia na Uhabeshi, wengine wakapelekwa Ceylon na kutoka huko Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika, ndani ya matope na malaria, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Walichopewa baadaye ni nyota ya shaba ya pembe sita, utepe wake wa buluu iliyokolea, nyekundu katikati, na mistari ya rangi ya chungwa. Kati ya nishani, hii ndiyo ninayoletewa mara nyingi zaidi. Nikiigeuza, mgongo ni mtupu. Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye nishani za vita hivyo, hata za askari wake Waingereza, ili kuokoa gharama, kwa hiyo nisiseme ni Mwafrika peke yake aliyenyimwa. Ila India, Australia na Afrika Kusini ziliandika majina ya askari wao. Na Mwingereza asiye na jina kwenye nyota ana faili, picha, kaburi la baba lenye maandishi. Babu wa Shauri Moyo alikuwa na nyota tu. Tena kijaluba shingoni bado kilikuwa na jina lake kamili na vidole vyake vyote, kwa sababu kipande hakikuondolewa mpaka miaka ya 1940 inakwisha. Serikali ilijua kuandika jina la Mwafrika vizuri sana pale ilipotaka kumkamata.

Hapo ndipo nishani ninayoichukia inapoingia, nayo ndiyo iliyotengenezwa vizuri kuliko zote. Ni ya fedha, Malkia Elizabeth akiwa bado kijana, utepe wa manjano wenye kingo nyeusi na vistari viwili vya kijani, na juu yake kibati kilichoandikwa KENYA. Ilitolewa kwa waliotumikia serikali kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956, yaani dhidi ya Mau Mau. Ukingoni jina limo. Limepigwa safi, utalisoma bila lenzi.

Mama mmoja wa Makongeni aliniletea moja, imefungwa ndani ya leso. Ilikuwa ya baba mkwe, aliyekuwa polisi. Alitaka niikwangue jina.

"Fundi, piga tupa hapo, paishe. Fedha ibaki."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndugu wawili wa huyo mzee walichukuliwa hapa hapa Nairobi siku ya Anvil, tarehe 24 Aprili 1954, jeshi lilipozingira mitaa, na watu waliofunikwa magunia wakawa wanatingisha kichwa tu: huyu, huyu. Ndugu hao waliishia Manyani. Familia moja, matanga mamoja, na sasa wajukuu wa pande zote mbili wanagawana vitu. Sikupiga tupa. Nilimwambia nikikwangua, nishani itapoteza bei, jambo ambalo ni kweli ila halikuwa sababu yangu. Akaifunga tena kwenye leso, akaondoka.

Tukumbuke pia kwamba aliyetoka Burma angeweza kuwa upande wowote. Waruhiu Itote alipigana Burma, akarudi kufanya kazi reli, kisha akaingia msituni na kuwa Jenerali China. Wengine walibaki Keya, wakawinda watu wa msituni. Nyumbani, nyota ya mfalme ukutani ilikuwa ushahidi dhidi yako mbele ya watu wa msituni. Novemba 2023 Mfalme Charles alifika makaburi ya vita ya Kariokor, akawapa wazee wanne wa vita vya pili nishani za badala. Mmoja alisemekana ana miaka 117. Ilielezwa kwamba wapo waliozitupa zao wakati wa Mau Mau, wakiogopa zingewaponza. Nilipoisikia habari hiyo nilifikiria vyoo vya shimo na mito mingi ya nchi hii, na kilicho chini yake.

Makaburi ya vita nayo yana hadithi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliofia vita vya kwanza, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mnara wa sanamu tatu pale Kenyatta Avenue umesimama tangu 1928 na hauna jina hata moja. Waingereza na Wahindi wana wao, wenye majina, kwenye makaburi ya Nairobi South.

Wanunuzi wa nishani wa London hulipia jina. Nyota tupu ya Burma haina bei kwao, na ikiandikwa baadaye huihesabu imeharibika. Juzi kijana wa Jericho aliniletea nyota ya babu yake pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, karatasi imechanika kwenye mikunjo lakini nambari inasomeka. Anataka jina mgongoni. Nilimweleza habari ya bei, akacheka, akauliza nitamtoza ngapi. Tumekubaliana shilingi mia tano, herufi za mkono, nambari kwanza kisha majina yote matatu. Yatabanana kidogo kwenye pembe ya chini, ila yataingia.