Shajara ya ngozi: mwaka mmoja, picha moja

Mwaka 1877 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, Garrick Mallery, alichapisha picha 71 ndogo zilizopangwa kwa kujizungusha kama kombe la konokono, zikianzia katikati kwenda nje. Ilikuwa hesabu ya miaka iliyokuwa mikononi mwa Lone Dog, Mdakota, mwenyeji wa asili wa Marekani, wa kundi la Yanktonai, kuanzia majira ya baridi ya 1800 hadi ya 1870. Picha ya kwanza ni mistari 30 myeusi: Wadakota 30 waliouawa na maadui zao Wakrow. Ya pili ni mtu mwenye madoa mekundu mwili mzima. Ndui.

Kwa Walakota na Wadakota mwaka ulihesabiwa tangu theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza iliyofuata. Wazee walikutana, wakajadiliana ni jambo lipi litaupa mwaka ule jina, na mtunza hesabu akalichora kwenye ngozi ya nyati. Jambo moja tu. Kijana akiuliza babu yake alizaliwa lini, mtunzaji aliweka kidole kwenye picha na kuanza kusimulia. Bila msimulizi mchoro ulikuwa bubu, maana ulikusudiwa kuamsha kumbukumbu, na simulizi zilibaki vinywani mwa watu.

Msomaji wa leo angetarajia orodha ya vita na mikataba na Wazungu. Vimo kwa uchache. Mwaka 1813 umechorwa mtu anayekohoa, maana kifaduro kiliua wengi. Mwaka 1833 zimejaa nyota zinazoanguka, vile vimondo vya Novemba vilivyoonekana kote Marekani ya Kaskazini. Karibu kila hesabu inayojulikana ina usiku ule, ndiyo maana wanahistoria huutumia kulinganisha miaka ya hesabu moja na nyingine. Mwaka 1869 jua ni jeusi, limepatwa.

Kinachonivutia zaidi ni majira ya baridi ya 1837. Ndui ilikuwa imewateketeza majirani zao Wamandan kandokando ya Mto Missouri. Lone Dog ana picha ya mnyama wa jamii ya kulungu, ukumbusho wa msako ambamo inasemwa waliangushwa wanyama 100. Mtu anaweza kuita huko kusahau. Mimi naona watu waliochagua kuukumbuka mwaka kwa shibe yao.

Nyati walipomalizwa kwa bunduki, hesabu zilihamia kwenye vitambaa na karatasi. Karatasi zilileta jambo jingine. Mwaka 1875 jeshi liliwafungia wafungwa 72, wengi wao Wacheyenne na Wakiowa, katika ngome ya Fort Marion, Florida, na huko wakapewa penseli, rangi na madaftari ya hesabu. Wapiganaji hao walikuwa na desturi ya kuchora ushujaa wao kwenye ngozi. Sasa kila mmoja alikuwa na kurasa zake. Walichora mawindo, uchumba, safari ya treni iliyowapeleka kifungoni, hata watalii waliokuja kuwatazama na kuwanunulia michoro. Mmoja wao, Mcheyenne Oakerhater, aliachiliwa 1878, akawa shemasi wa Kanisa la Episkopali mwaka 1881, na alifariki 1931.

Siku hizi wapo wanaofundisha kuandika shajara za kutafakari kwa kufuata michoro hii, na wengi huchukua picha na kuliacha baraza la wazee. Mtu hukaa peke yake, akajiuliza yeye amejisikiaje. Hilo liko karibu zaidi na daftari la Fort Marion kuliko ngozi ya Lone Dog, na si vibaya kulijua. Anayetaka kufuata ile ya kale, mwisho wa mwaka akusanye jamaa zake, wazee wakiwemo, awaulize jambo gani liupe mwaka huu jina, kisha akubali kushindwa katika mjadala.