Muwasho Usio na Jalada

Neno "zinaa" lilikuwa dhambi kabla halijawa ugonjwa. Ndiyo maana kijana wa Songwa anayewashwa sehemu za siri, akifika dirishani mwa duka la dawa, husema kuna rafiki yake anawashwa. Muuzaji anaelewa. Anatoa vidonge vya "rafiki", pesa inapokelewa, na hakuna aliyeitazama ngozi.

Songwa ni kata ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wanahistoria wa ukanda huu, nami nikiwa mwanafunzi wao, tumeandika sana juu ya madini, pamba na ng'ombe. Ngozi ya mwanaume tumeiacha. Lakini kwa takriban miaka mia moja wakubwa wamekuja kuikagua mara kadhaa, na kila mara walikuwa wanatafuta kitu kingine.

Walianza na buba. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwatibu watu buba kwa sindano za bismathi. Buba huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa miongoni mwa watoto, bila ngono yoyote. Ila kijidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende, na kipimo cha damu hakikuweza kuwatenganisha ndugu hao. Mtu aliyeugua buba utotoni angeweza kuitwa mgonjwa wa kaswende ukubwani. Mkanganyiko huo haujatutoka hadi leo.

Kisha ukaja UKIMWI. Kati ya 1991 na 1994, AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha tiba za kitropiki cha London waliendesha utafiti vijijini mkoani Mwanza, enzi ambazo Geita ilikuwa bado wilaya ya mkoa huo. Walichukua jamii 12, wakazigawa jozi jozi. Katika jamii 6 watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kutazama dalili, bila kungoja maabara, na dawa zikahakikishwa hazikatiki. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 huko, na asilimia 1.9 katika jamii nyingine 6. Yalipungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, dunia nzima iliyasoma, na mimi siwezi kuyabeza: zahanati za kawaida, zenye watumishi wa kawaida, zilifanya kazi kubwa.

Lakini tazama dalili za mwanaume katika miongozo ya aina hiyo iliyoenezwa na WHO: usaha, kidonda, korodani kuvimba, mitoki. Muwasho mtupu haumo. Anayewashwa tu hana mstari wake katika karatasi, kwa hiyo ama anasukumwa kwenye mstari wa usaha, ama anarudishwa nyumbani.

Na sababu zake nyingi hazina uhusiano wowote na nani alilala na nani. Mchimbaji mdogo anashinda shimoni na chupi ya nailoni iliyolowa jasho. Fangasi hawahitaji zaidi ya hapo. Choa hushika mapajani na kinena. Sabuni ya unga isiposuuzwa vizuri huchubua, wembe vilevile. Chini ya govi unyevu na uchafu mweupe hujikusanya, na maji yakiwa ya kugombania kisimani, kunawa huko si jambo la kwanza.

Wasukuma hawakuwa na mila ya jando. Hata hivyo, mwaka 2001 Soori Nnko na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kaskazini magharibi mwa nchi, ukionyesha kuwa wanaume wa Kisukuma walikuwa wanatahiriwa kwa hiari yao, na miongoni mwa sababu walizozitaja ni usafi na afya. Hiyo ni miaka kadhaa kabla majaribio ya Kisumu na Rakai, yaliyochapishwa 2007, hayajaonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU kwa zaidi ya nusu. Serikali ilipoanza mpango wa tohara, Shinyanga ikiwa miongoni mwa mikoa ya kipaumbele, wazo hilo halikuwa jipya. Wenyewe walishaanza, kwa sababu ya usafi na afya na, tuseme ukweli, kwa kuchoka utani wa "mkono wa sweta".

Tohara haitibu choa cha kinena, na asiyetahiriwa si mchafu. Maji safi yanatosha, govi likivutwa nyuma taratibu, ngozi ikakaushwa vizuri, chupi ikawa ya pamba. Sabuni za dawa na dawa za kuua vijidudu huzidisha mchubuko. Fangasi hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli, inayoendelea kupakwa hata muwasho ukishatulia. Krimu zenye steroidi hutuliza haraka huku fangasi wakitambaa chini yake. Kidonda, usaha au maumivu ya kukojoa ni vya zahanati, na mwenza aende pia. Govi lililovutwa likakataa kurudi ni la hospitali siku hiyohiyo. Na muwasho wa chini ya govi unaopona na kurudi, ukapona na kurudi, upimiwe sukari: kwa wanaume wengine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari.